Nani Analipia Uzuri wa Mnyama? Wawindaji Watatu na Panya Mmoja



Mtu wa kwetu akiweka picha ya gorila kwenye simu yake, maneno anayoandika chini yake tunayajua mbele ya kuyasoma: utukufu, asili safi, fahari yetu. Sina ugomvi na hayo maneno. Lakini yana fasi yametoka. Yalitengenezwa zaidi na washairi wa Ulaya, tangu mwisho wa karne ya 18 mpaka katikati ya karne ya 19, wale tunaita Waromantiki. Tuliwasoma sekondari, tukawakariri, tukapata pointi, tukawasahau. Wao hawakutuacha. Mpaka leo wengi wetu tunatazama wanyama wa Virunga kwa macho yao.

Mimi nilisomea agronomi, sikusomea fasihi. Kwa hiyo nitayasoma mashairi haya vile tulifundishwa kusoma mradi wa shamba: faida ni gani, na gharama inabebwa na nani? Hata kusifu mnyama kuna gharama. Kuna mtu amempisha huyo mnyama njia, kuna mtu amekosa mavuno, au kuna mnyama mwenyewe amekufa ili shairi lipatikane. Basi swali langu kwa kila shairi ni moja tu: nani analipa?

Mwindaji wa kwanza: Vigny

Tuanze na yule wa darasani. Alfred de Vigny alichapisha "La Mort du loup" mwaka 1843. Wawindaji wanamfuatilia mbwa-mwitu usiku msituni. Wanamzunguka, wanampiga risasi na visu. Yeye anamkaba mbwa mmoja wa kuwinda mpaka anamuua, kisha anawaangalia wawindaji, anafunga macho na kufa bila kutoa sauti. Msimulizi ni mmoja wa hao wawindaji. Anaegemea bunduki yake na kuanza kutafakari: huyu mnyama anatufundisha namna ya kufa bila kulia.

Ni shairi kubwa. Lile giza, ule ukimya wa msitu, zile nyayo za kucha kwenye mchanga, hakuna neno limepotea. Lakini tuulize swali letu. Aliyepata somo ni nani? Ni yule mwenye bunduki. Aliyelipa ni nani? Mbwa-mwitu, pamoja na jike lake na watoto wawili waliobaki bila baba. Vigny anawataja, hata anaona huruma ya kuwafuata. Kisha anamgeuza yule jike kuwa mwalimu wa falsafa: ataishi ili awafundishe watoto kuvumilia njaa, wasikubali kamwe maisha ya wale wanyama wanaomtumikia mtu kwa kupata fasi ya kulala. Mtu wa mifugo lazima asimame hapo. Kwa Vigny, mnyama wa porini ni mtukufu juu anakataa kuishi na sisi, na mnyama wa nyumbani ni mtumwa wa kudharauliwa. Mbuzi anayelipa masomo ya mtoto Kibati hana nafasi katika utukufu huo.

Wenzake walifuata njia hiyo hiyo. Musset, mwaka 1835, alimchukua korongo-mwari, ndege mkubwa wa mdomo wa mfuko, akamfanya apasue kifua chake na kulisha watoto moyo wake, kisha akasema: huyo njo mshairi. Baudelaire, mtoto wa mwisho wa familia ile, alimchukua albatrosi anayechekwa na mabaharia juu ya meli, naye akasema vilevile: huyo njo mshairi. Yaani ukimfuata ndege wao mpaka mwisho wa shairi, unamkuta mwandishi amekaa kwenye kiota. Mwari tunaye hapa Kivu ya Kaskazini. Nenda Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward, utamwona anawasubiri wavuvi apate samaki. Hapasui kifua. Ana akili ya biashara. Ningependa shairi moja linalomsifu huyo mwari wa Vitshumbi kama alivyo, na mvuvi mwenye anamgawia matumbo ya samaki awe ndani yake.

Mwindaji wa pili: Akeley

Wa pili hakuandika mashairi, ila aliishi shairi la Vigny hapa kwetu. Carl Akeley alikuwa Mmarekani, fundi wa kukausha na kujaza ngozi za wanyama kwa ajili ya makumbusho. Mwaka 1921 alipanda mlima Mikeno, akaua gorila kwa ajili ya makumbusho ya historia ya viumbe ya New York. Alipoangalia uso wa yule aliyeanguka, kitu kikageuka ndani yake. Akarudi kwao na kuanza kupigania gorila walindwe. Mfalme Albert wa Ubelgiji alikubali, na mwaka 1925 ikazaliwa Parke Albert, njo hii tunaita leo Virunga. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafia hukohuko mlimani, akazikwa Kabara.

Ni Vigny mtupu: mwindaji anaua, anaangalia uso, anabadilika. Sisemi hivyo kwa dharau. Bila huyo mtu na wenzake, labda leo gorila wa milimani tungewajua kwa picha tu. Lakini hesabu ya nani analipa hapa inakuwa nzito zaidi kuliko ya shairi. Uzuri aliouona Akeley uligeuka kuwa mpaka, na mpaka ukapita katikati ya ardhi ya watu wenye hawakumpiga gorila risasi ya makumbusho. Kulima kukakatazwa, kulisha kukakatazwa, kuni zikakatazwa. Toba ilikuwa ya mmoja, na malipo yakawa ya wengi.

Wale gorila wake bado wanasimama ndani ya kioo kule New York, katika ukumbi uliofunguliwa mwaka 1936 wenye jina lake. Nyuma yao imechorwa milima yetu ya moto. Majani yametengenezwa moja moja, kwa ufundi wa ajabu. Hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna moshi wa jikoni. Mtazamaji wa kule anaweza kufikiri kwamba chini ya Nyiragongo hapajawahi kulimwa hata kiazi kimoja.

Hilo njo kosa kubwa la macho ya Kiromantiki, na limetoka vitabuni likaingia katika picha, filamu na matangazo. Uzuri unakuwa kamili pale watu wameondolewa. Mwezi wa saba 2007, gorila Senkwekwe aliuawa pamoja na wenzake. Picha ya wanaume wa kwetu wamembeba juu ya miti, kama mazishi ya chifu, ilizunguka dunia yote. Dunia ililia, na ilikuwa sawa kulia. Mwaka uliofuata, 2008, hapa Kibati palijaa makambi ya waliokimbia vita, makumi ya maelfu ya watu. Nao pia walipigwa picha. Ila gorila katika picha yake alikuwa na jina, na mama wa Kibati katika picha yake aliitwa "mkimbizi". Sitaki kushindanisha msiba wa gorila na wa watu. Ninachosema ni cha kisomaji tu: macho yaliyozoezwa na shairi fulani yanajua kumpa jina mmoja, na hayajui kumpa jina mwingine.

Mwindaji wa tatu: Mwindo

Sasa tugeuze uso tuangalie Walikale. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Candi Rureke, alisimulia na kuimba hadithi ndefu ya Mwindo, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaiandika. Ilitoka kitabu mwaka 1969. Ni moja ya kazi kubwa za fasihi za Afrika, inasomwa vyuo vya mbali, na Goma unaweza kupata lisansi bila kuwahi kuisikia.

Karibu na mwisho wa hadithi, Mwindo, ambaye sasa ni chifu, anatamani nyama ya nguruwe pori. Anatuma wawindaji wake. Huko msituni wanakutana na Kirimu, dude kubwa la kutisha, linawameza. Mwindo anakwenda, analiua, watu wanatoka tumboni wakiwa hai. Kwa hadithi nyingi za shujaa, hapo wangepiga ngoma na mambo kuisha. Hapa hayaishi. Kumbe Kirimu alikuwa na rafiki, Nkuba, bwana wa radi, waliyefanya naye agano la damu. Harufu ya nyama inapanda mpaka juu. Nkuba anashuka, anamchukua Mwindo, anampeleka mbinguni. Huko anakaa mwaka mzima bila nyumba, anapigwa na baridi, mvua na jua. Wakati wa kumrudisha, anakatazwa kuua mnyama tena, wa msituni au wa kijijini, hata mdudu.

Ninaomba tusome sehemu hii polepole, juu ina vitu vitatu ambavyo sikuvipata kwa Vigny.

Cha kwanza: Kirimu si mzuri. Hakuna anayemsifia ngozi wala macho. Heshima yake haitegemei sura. Inategemea kwamba ana ndugu, ana agano, kuna mtu atauliza yuko wapi. Romantiki anamheshimu mnyama akiwa mrembo au mpweke. Mnyanga anamheshimu kwa sababu hayuko peke yake. Sisi tunaosoma ekolojia tunajua nani yuko karibu zaidi na ukweli.

Cha pili: Mwindo alikuwa na haki. Kirimu alikuwa amemeza watu wake. Bado anahukumiwa. Mlinganishe na yule baharia wa Coleridge, katika shairi la mwaka 1798, aliyempiga mshale albatrosi bila sababu yoyote. Yeye pia anaadhibiwa na anga na bahari, na wasomi wengi wanapenda shairi lile kwa huruma yake juu ya viumbe. Lakini uliza swali letu: nani anakufa? Wenzake 200 wa melini. Mwenye kosa anabaki hai kusimulia. Kwa Rureke, aliyeua njo anayepelekwa juu. Hakuna anayelipa kwa niaba yake.

Cha tatu, na kwangu ni kikubwa kuliko vyote: katazo linampata chifu, mtu mwenye nguvu, yule aliyetamani nyama na kutuma wengine kuitafuta. Na anaporudi kijijini, sheria anazowapa watu wake zinataka walime vyakula vingi, wakae katika nyumba nzuri, wasigombane, wasimcheke mlemavu akipita. Angalia basi: kumheshimu mnyama na kulima vizuri vimetoka katika mdomo mmoja, siku zilezile. Shamba halikufukuzwa katika hadithi ili mnyama apate nafasi.

Panya wa Burns

Sitaki mtu afikiri kwamba ninasema Ulaya mbaya, Afrika nzuri. Hiyo ni kazi rahisi na haifundishi. Ndani ya ukoo wa Kiromantiki wenyewe kuko mashairi mengine, na ajabu yake ni kwamba yaliandikwa na watu wa shamba.

Robert Burns wa Uskoti alikuwa mkulima. Mwaka 1785 aliandika shairi kwa panya ambaye kiota chake kilibomolewa na jembe la kukokotwa, na baridi kali inakuja. Mshairi anaomba radhi. Anakubali kwamba panya anaiba nafaka, lakini anasema: hata wewe lazima uishi, suke moja moja katika miganda yangu halitanifilisi. Mwishoni halii kwa sababu ya panya tu. Anajiona yeye na panya wako katika mashaka mamoja, na yeye ana mzigo zaidi, kwa vile anakumbuka ya nyuma na kuogopa ya mbele.

Hapa swali letu linapata jibu safi. Nani analipa? Burns mwenyewe, kwa nafaka yake. Hasifu mnyama wa mbali. Anamsifu yule anayemla mavuno. Na anaweza kusema hivyo kwa sababu anajua hesabu: anajua suke moja ni nini na ganda zima ni nini. Mtu mwenye hajawahi kupoteza mavuno hana haki ya kuwa mkarimu na mavuno ya mwingine.

Mwenzake ni John Clare, kibarua wa mashamba wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1793. Alipokuwa kijana, sheria ya 1809 ilifunga ardhi ya wote kijijini kwake, Helpston, ikagawiwa wenye mali. Aliandika juu ya viota vya ndege kama mtu anayetembea kwa magoti ili asivivunje. Aliandika pia juu ya mnyama mdogo wa shimoni, wa ukoo wa nyegere, anayekokotwa mjini na kushindanishwa na mbwa mpaka anakufa. Hakuna somo mwishoni, hakuna "huyu njo mimi". Mnyama anapigana, anachoka, anakufa, basi. Clare alijua ugonjwa wa kufungiwa ardhi na aliwajua wanyama, na hakuona kwamba lazima achague mmoja. Kijana wa Kibati akisoma Clare, sidhani atahitaji maelezo mengi.

Na ng'ombe, na nguruwe

Hapa Maziwa Makuu tuna pia utamaduni mkubwa wa kusifu ng'ombe kwa mashairi, yale yanaitwa amazina y'inka kwa Kinyarwanda, na yale ya Wahima wa Ankole kule Uganda. Katika amazina, ng'ombe ana jina, ana ukoo, anasifiwa kwa maneno ya vita kama vile ni askari. Kwa Vigny mnyama wa nyumbani alikuwa mtumwa. Hapa amevikwa taji. Mtu wa mifugo anafurahi. Lakini nikiuliza swali langu, ninaona pengo: mwenye ng'ombe anang'aa pamoja na ng'ombe wake, na yule kijana anayechunga usiku kwenye mvua, anayekata majani na kuzoa mavi, mara nyingi hana hata mstari wake.

Ndiyo maana ninampenda Padri Alexis Kagame. Mwaka 1949, yeye aliyeyajua mashairi ya ng'ombe kuliko wengi, alitoa "Indyohesha-birayi", yaani kitu kinachofanya viazi kuwa vitamu. Njo nguruwe! Alichukua lugha yote kubwa ya ikulu, akaipeleka kwa mnyama aliyedharauliwa, na hakuficha kwamba mwisho wa safari ni sahani. Unacheka, na katikati ya kicheko unagundua kwamba kuna uaminifu fulani. Anamla mnyama, anamshukuru, anamjua. Kati ya Kagame na matangazo ya hoteli yenye picha ya gorila kwenye ukungu, mimi najua nani anaheshimu mnyama zaidi.

Basi sisi?

Jambo hili si la darasani tu. Mtaani utasikia mtu anasema "wanyama wa wazungu". Mama aliyekuta shamba limekanyagwa na mbogo hawezi kuimba utukufu wa mbogo kwa maneno ya Vigny, na ukimlazimisha ataishia kumchukia. Mtoto wake atarithi hiyo chuki. Na walinzi wa parke, watoto wa vijiji vyetu hivihivi, wanazidi kuzikwa: tarehe 24 mwezi wa nne 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12 siku moja. Wao pia wanalipa, kwa bei ya mwisho. Nimesoma sifa nyingi za gorila. Za mke wa mlinzi nimesoma kidogo sana.

Lakini kuna picha moja ambayo inanipa tumaini la kisomaji. Gorila Ndakasi alikutwa mdogo mwaka 2007, ameshikilia mwili wa mama yake aliyeuawa. Alilelewa Rumangabo, akafa mwezi wa tisa 2021 mikononi mwa mlinzi wake, André Bauma. Dunia iliiona picha ile na kusema "uzuri". Mimi naona kazi: miaka kumi na nne ya kulisha, kusafisha, kulala karibu, katika nchi yenye vita. Pale anayesifu njo anayelipa, kama Burns na suke lake. Shairi hilo halijaandikwa na mtu wa kwetu, na linangoja.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wale wanaoandika, hasa wadogo wetu wa slamu hapa Goma. Mkitaka kusifu mnyama, msifuni. Msione haya. Ila mwekeni na jirani yake ndani ya shairi. Tembo aje na mahindi aliyoyakula. Mbogo aje na jina la mwenye shamba. Gorila aje na mke wa mlinzi anayengoja simu. Uzuri hautapungua. Mtu wa Kibati akilisoma, ataona kwamba na yeye yumo.

Mkiwa na shairi la namna hiyo, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu, lileteni hapa tulisome pamoja. Na kama kuna mtu wa fasihi ambaye anaona nimemwonea Vigny, aje amtetee. Nitamsikiliza, lakini nitamwuliza lile swali.